Bima ya tukio au bima ya dai: ulinganisho kwa wauguzi wa usingizi walioko Marekani

Mkataba wangu wa kwanza wa kazi ya usingizi nchini Marekani ulikuwa na kurasa 19, na kwenye ukurasa wa 11 kulikuwa na sentensi iliyonituliza moyo: mwajiri atamlipia muuguzi bima ya dhima ya kitaaluma "kwa muda wote wa ajira yake". Niliisoma kama ahadi. Miaka mitatu baadaye, nilipoaga ili nihamie jimbo jingine, ndipo nilipotambua kwamba maneno hayo yalikuwa mpaka: bima ingekoma siku ya mwisho ya ajira, na yote niliyoyafanya katika vyumba vya upasuaji kwa miaka hiyo mitatu yangebaki bila kinga, isipokuwa nilipe mwenyewe, ndani ya siku 30, kiasi kilichokaribia mara mbili ya ada ya mwaka mzima. Hakuna aliyenidanganya. Ni mimi niliyekuwa sijui kwamba kuna bima za aina mbili, na kwamba tofauti yake huonekana siku ya kutoka kazini, si siku ya kuingia.

Ninawaandikia wenzangu wanaoandika herufi CRNA, yaani muuguzi wa usingizi aliyethibitishwa, baada ya majina yao, hasa wale ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani na ambao walianza kama wasaidizi katika nyumba za wazee huko Minneapolis, Dallas au Lowell kabla ya kupanda ngazi hadi hapa. Ninawaandikia pia wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao sasa hivi wanatumiwa mikataba kwa barua pepe na kuombwa waisaini kabla ya Ijumaa.

Saa mbili tofauti

Bima ya tukio, ambayo mawakala wa bima huiita okarensi, hutazama siku jambo lilipotokea. Ukiwa na hati hiyo kwa mwaka 2024, na jambo likaharibika mikononi mwako mwaka huo, hati ya 2024 ndiyo itakayojibu hata barua ya wakili ikifika mwaka 2030, hata kama ulikwishahamia kampuni nyingine ya bima, umestaafu, au umerudi Njombe kulima parachichi. Bima ya dai, ambayo huitwa klemsi-medi, inataka mambo mawili yakutane: tukio liwe limetokea baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye hati, yaani tarehe ya kurudi nyuma, na dai lenyewe liwe limefikishwa kwa kampuni wakati hati ingali hai. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, huna bima.

Tuchukue jino, kwa kuwa kuumiza meno wakati wa kuingiza mrija wa hewa ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida kabisa dhidi ya watu wa usingizi. Ni mwezi wa Machi. Mgonjwa ana jino la mbele linalocheza, na ulimi wa laringoskopu, kile chombo cha kutazamia koo, unaligusa kidogo tu, nalo linang'oka. Unalitoa kwa koleo kabla halijaingia kwenye mapafu, unaliweka ndani ya kikopo, unaandika kwenye faili, na mgonjwa akiamka unamweleza. Novemba unaacha kazi hiyo. Mei ya mwaka unaofuata wakili wake anaandika barua. Mwenye bima ya tukio anapiga simu moja na kuendelea na zamu yake. Mwenye bima ya dai iliyokatika Novemba, na ambaye hakununua chochote alipoondoka, yuko peke yake, na hapo kinachomwumiza si bei ya jino bali ni wakili wa kumtetea, ambaye hulipwa kwa saa.

Jino ni jambo dogo. Mtoto ni jambo kubwa. Katika jimbo la Pennsylvania mtu mzima ana miaka miwili ya kufungua shauri la uzembe wa kitabibu, lakini mtoto hupewa muda hadi anapofikisha miaka 20. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka 2024, mama yake akiwa amechomwa sindano ya epidurali na wewe, anaweza kukufungulia shauri mwaka 2044. Minnesota humpa mtu mzima miaka minne, na Texas miwili. Kila jimbo lina saa yake, na anayefanya kazi ya wodi ya wazazi au ya watoto ajue kwamba saa yake ni ndefu kuliko ya mwenzake anayelaza wagonjwa wa mtoto wa jicho.

Kinachoziba pengo la bima ya dai huitwa mkia. Ni nyongeza unayoinunua hati inapokoma, ili madai yatakayokuja baadaye kuhusu kazi ya zamani yaendelee kupokelewa. Bei yake mara nyingi huwa kati ya asilimia 150 na 250 ya ada ya mwaka wa mwisho, hulipwa kwa mkupuo, na nafasi ya kuinunua hufungwa haraka, aghalabu baada ya siku 30 au 60. Njia ya pili ni kuiomba kampuni mpya ya bima ikubali kuibeba tarehe yako ya zamani ya kurudi nyuma; mawakala huiita pua, kwa sababu iko mbele na mkia uko nyuma. Ukipata pua huhitaji mkia. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua: kampuni mpya inakupa bei ya chini ya kuvutia, unafurahi, unasaini, kumbe kwenye ukurasa wa maelezo wameandika tarehe ya kurudi nyuma kuwa ni ya leo. Miaka yako yote ya nyuma imefutwa kwa mstari mmoja wa maandishi madogo. Ukipokea hati yoyote ya bima ya dai, kabla hujatazama bei, itazame tarehe hiyo na uilinganishe na ile ya hati iliyotangulia. Zikitofautiana, usisaini.

Hesabu bila woga

Watu wengi husimulia kwamba bima ya dai ni mtego na kwamba bima ya tukio ni ya wenye busara. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi nilipokaa na kalamu. Nitatumia tarakimu za mfano tu, kwa sababu bei halisi hubadilika kwa jimbo, kwa wilaya, kwa saa unazofanya kazi na kwa historia yako, lakini umbo la hesabu ni hilihili.

Tuseme bima ya tukio inagharimu dola 6,000 kila mwaka, bila kubadilika. Bima ya dai huanza chini na kupanda, kwa kuwa mwaka wa kwanza kampuni inabeba tu madai ya mambo yaliyotokea na kuletwa ndani ya mwaka huohuo, ambayo ni machache, na kila mwaka unaoongezeka huongeza mzigo wa nyuma. Kwa kawaida hufikia ukomavu karibu na mwaka wa tano. Tuseme basi inakwenda 1,800, kisha 3,100, kisha 4,300, kisha 5,000, kisha 5,500 na kubaki hapo, na mkia ni mara mbili ya ada ya mwaka wa mwisho.

Anayeondoka baada ya mwaka mmoja na kununua mkia atakuwa ametoa 5,400 kwa bima ya dai, dhidi ya 6,000 za bima ya tukio. Anayeondoka baada ya miaka mitatu atakuwa ametoa 9,200 za ada na 8,600 za mkia, jumla 17,800, dhidi ya 18,000. Baada ya miaka mitano ni 30,700 dhidi ya 30,000. Kama unavyoona, tofauti ni ya chakula cha mchana. Waliopanga bei hizi si watoto. Wanajua mzigo ni uleule, na wamekuachia tu uchague uulipe lini.

Tofauti ya kweli huja katika hali mbili. Ya kwanza ni pale mkia unapokuwa wa bure. Hati nyingi za bima ya dai hutoa mkia bila malipo mwenye hati akifariki, akipata ulemavu wa kudumu, au akistaafu baada ya umri fulani, mara nyingi miaka 55, akiwa amekaa na kampuni hiyo kwa idadi fulani ya miaka mfululizo. Kwa tarakimu zetu, anayekaa miaka 15 kisha akastaafu kwa masharti hayo atakuwa ametoa 74,700 badala ya 90,000. Hali ya pili ni pale ada inapolipwa na mtu mmoja na mkia ukalipwa na mwingine. Mwajiri analipa 9,200 kwa miaka mitatu na kukutangazia kwamba bima ni juu yake. Wewe unalipa 8,600 wiki ileile unayolipa lori la kuhamisha vyombo na amana ya nyumba mpya. Hicho ndicho kilichonipata. Kwa maneno mengine, mwajiri alikuwa amelipa nusu ya bima na kuiita nzima.

Ndiyo maana naona swali la aina gani ya bima linatanguliwa na swali jingine: mkia ni wa nani, na hilo limeandikwa wapi. Mkataba unaosema mwajiri atalipa mkia kwa sababu yoyote ile ya kuondoka ni mzuri hata ukiwa na bima ya dai. Unaosema atalipa endapo tu yeye ndiye atakayeuvunja mkataba ni nusu nzuri. Usiosema chochote, chukulia kwamba mkia ni wako, kisha fanya hesabu upya ya mshahara uliotajiwa.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambazo mawakala huzipita haraka. Katika bima ya tukio kila mwaka una vikomo vyake, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa, ambavyo haviguswi na madai ya mwaka mwingine. Lakini vikomo hivyo huganda. Ukikata bima ya milioni moja mwaka huu na dai likaja baada ya miaka 15, utajibu kwa milioni moja ya zamani kwa gharama za hospitali za wakati huo. Katika bima ya dai kikomo kinachotumika ni cha mwaka dai lilipofikishwa, kwa hiyo ukiongeza kikomo leo unaweza kuwa umeiongezea nguvu hata kazi ya juzi. Kuhusu mkia, uliza kama unakuja na vikomo vipya au unagawana mabaki ya hati ya mwisho. Uliza pia dai linaanza lini kuhesabika kuwa dai: kampuni nyingine huridhika na taarifa yako ya tukio, na nyingine husubiri barua ya madai kutoka kwa mgonjwa au wakili wake. Ukiwa na ile ya kwanza, andika taarifa za matukio yote unayoyakumbuka kabla hujaondoka, hata yale ambayo mgonjwa aliishia kukushukuru.

Kuwa ndani ya bima ya mwajiri, au kuwa na yako

Ulinganisho wa pili ni wa hati ya mwajiri na hati yako mwenyewe, na kusema kweli hapa majibu hayafanani kwa kila mtu.

Hospitali kubwa nyingi hujiwekea bima kupitia mfuko wao wenyewe, na mfuko huo kwa kawaida humlinda mwajiriwa kwa alichokifanya ndani ya mipaka ya kazi yake, dai lije lini lijalo. Ukiajiriwa na hospitali ya namna hiyo, unapewa fomu ya kodi ya W-2, ile ya waajiriwa, na hufanyi kazi nyingine pembeni, hati ya pili ya milioni moja kwa dai na milioni tatu kwa mwaka inaweza kuwa fedha unayoitupa. Omba barua yenye saini inayosema kwamba ulinzi unaendelea baada ya ajira, iweke, na utulie.

Vikundi vya usingizi ni habari nyingine. Mara nyingi kikundi kina hati moja, na vikomo vyake, tuseme dola milioni 1 kwa dai na milioni 3 kwa mwaka, vinagawanywa na watu 20. Ni sinia moja la pilau kwa harusi nzima: wa kwanza wanashiba. Uliza kama jina lako lina vikomo vyake au liko kwenye sinia la pamoja.

Jambo linalonifanya niwe na hati yangu hata pale ninapolipiwa ni mamlaka ya kusuluhisha. Nchini Marekani kuna hifadhi ya taifa ya taarifa za wahudumu wa afya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kufunguliwa Septemba 1990. Kampuni ya bima ikilipa fedha yoyote kwa niaba yako kumaliza dai la maandishi, hata ikiwa ndogo namna gani, lazima iripoti huko ndani ya siku 30, na kila hospitali utakayoomba kibali cha kufanyia kazi italiona jina lako. Wakili wa hospitali ni wakili wa hospitali. Akiona kwamba kulipa dola 40,000 ni nafuu kuliko kwenda mahakamani kwa wiki mbili, atalipa, na huenda jina lililoandikwa kwenye malipo likawa lako, ingawa mkono wako haukukosea. Hati yako mwenyewe inaweza kuwa na kifungu kinachosema hakuna suluhu bila ridhaa yako. Kisome hadi mwisho, kwa sababu vingine vina nyundo ndani yake: unaweza kukataa suluhu, lakini ukishindwa mahakamani, kila kinachozidi kiasi ulichokikataa utakilipa wewe.

La pili ni leseni. Mgonjwa, mfanyakazi mwenzako au hata aliyekuwa mumeo anaweza kukulalamikia kwa bodi ya wauguzi ya jimbo bila kudai senti moja. Kwa kuwa hakuna fidia inayodaiwa, bima ya mwajiri kwa kawaida haihusiki, na kuna wakati ambapo mwajiri ndiye mlalamikaji. Hati binafsi nyingi huwa na fungu la kumlipa wakili wa kukutetea mbele ya bodi. Fungu hilo ni dogo ukililinganisha na milioni za dhima, lakini kwa kada yetu leseni ndiyo shamba. Hukumu ya fedha unaweza kulipiwa, leseni ikichukuliwa hakuna wa kukulipa.

Utasikia katika vyumba vya kupumzikia kwamba kuwa na bima yako kunawavutia mawakili, kwamba wakijua una mfuko watakushtaki. Sikubaliani na hoja hiyo. Wakili wa mgonjwa hufungua faili na kuandika jina la kila aliyesaini kwenye rekodi ya usingizi, na wakati huo hajui nani ana bima ya nani. Wala usitegemee kujificha nyuma ya daktari mpasuaji. Fundisho la kwamba mpasuaji ndiye nahodha wa meli na hubeba makosa ya wote waliomo chumbani, lililopata jina lake katika mahakama kuu ya Pennsylvania mwaka 1949, limepoteza nguvu mahali pengi, na mahakama siku hizi huuliza ni nani hasa aliyekuwa na usukani. Tangu mwaka 2001 magavana wameruhusiwa kuomba majimbo yao yaondolewe kwenye sharti la serikali kuu la kutaka daktari amsimamie muuguzi wa usingizi kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Iowa lilikuwa jimbo la kwanza, na zaidi ya 20 yamefuata. Uhuru huo tuliupigania wenyewe, nao umekuja na usukani.

Wako wasiohitaji kusoma haya yote. Mwajiriwa wa hospitali za maveterani au za jeshi hulindwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1946 ya madai dhidi yake: mgonjwa huishtaki Marekani, si wewe, kwa alichotendewa ndani ya mipaka ya kazi yako. Hapo labda utafute tu ulinzi wa leseni. Lakini anayeingia hospitali hizo kwa mkataba kupitia kampuni ya kutafutia watu kazi si mwajiriwa wa serikali, hata akivaa kitambulisho chenye tai yuleyule, na ulinzi huo haumfikii.

Vikomo, majimbo na vilivyofungiwa nje

Milioni 1 kwa dai na milioni 3 kwa mwaka ndicho kiwango ambacho hospitali nyingi hukitaka kabla ya kukupa kibali. Wisconsin imekwenda mbali zaidi: sheria yake inawataja wauguzi wa usingizi pamoja na madaktari, inawalazimisha wawe na kiwango hichohicho, na kinachozidi hapo hulipwa na mfuko wa jimbo ambao nao unauchangia. Kwa hiyo anayehama kutoka Illinois kwenda Milwaukee asilinganishe ada peke yake. Aulize mchango wa mfuko huo unalipwa na nani.

Sheria za kuweka kikomo cha fidia ya maumivu hushusha ada mahali zilipo. Texas iliweka dola 250,000 kwa wahudumu mwaka 2003. California ilikuwa na kiasi hichohicho tangu 1975, kisha kuanzia Januari 2023 ikapandisha hadi 350,000, au 500,000 mgonjwa akifariki, na viwango vinaendelea kupanda kila mwaka hadi vifike 750,000 na milioni moja. Ukiona ada yako ya California inapanda bila wewe kukosea, sehemu ya sababu ni hiyo.

Gharama za utetezi ziwe nje ya kikomo. Zikiwa ndani, kila saa ya wakili wako inakula kutoka kwenye ile milioni moja, na shauri la miaka minne linaweza kuiacha imekonda kabla mgonjwa hajalipwa. Tofauti ya ada kati ya hati hizo mbili huwa si kubwa. Lipa.

Kisha angalia kilichofungiwa nje. Bima za jumla za wauguzi, zile za dola mia na kitu kwa mwaka, aghalabu huwatenga wauguzi wa usingizi kwa maandishi, na nimekutana na kijana aliyekuwa anafanya zamu za pembeni kwa miezi minane akiamini karatasi ya namna hiyo inamlinda. Hata hati za kada yetu zinaweza kuacha nje sindano za maumivu sugu, kliniki za ketamini na zile za dripu za vitamini. Ukianza kufanya kazi Jumamosi kwenye kliniki ya ketamini ya rafiki yako, mwandikie wakala wa bima kabla ya mgonjwa wa kwanza. Na kama mkataba wa kliniki unakutaka uwafidie wao kwa hasara yoyote, fahamu kwamba dhima uliyojitwisha kwa kusaini kwa kawaida bima haiibebi.

Kampuni itakuwepo?

Anayenunua bima ya tukio ananunua ahadi ya miaka 20. Desemba 2001 kampuni ya St. Paul, iliyokuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa bima ya uzembe wa kitabibu, ilitangaza kujitoa katika biashara hiyo, na wahudumu nchi nzima wakalazimika kutafuta mikia na pua kwa wakati mmoja, bei zikiwa juu. Februari 2002 kampuni nyingine, PHICO ya Pennsylvania, iliwekwa chini ya ufilisi, na hapo hata mwenye bima ya tukio alibaki akitegemea mfuko wa dhamana wa jimbo, ambao katika majimbo mengi hulipa chini ya dola milioni moja. Kwa sababu hiyo naulizia mambo mawili: daraja la uimara wa kampuni kwa wakaguzi wa A.M. Best, ambalo nataka lianze na A, na kama kampuni imesajiliwa kikamilifu katika jimbo, kwa kuwa isiyosajiliwa hivyo kwa kawaida iko nje ya mfuko wa dhamana. Chama cha wauguzi wa usingizi wa Marekani, AANA, kilichoanzishwa mwaka 1931, kina ofisi yake ya uwakala wa bima kwa kada hii. Si lazima ununue kwao, lakini bei yao ni kipimo kizuri cha kumwonyesha wakala mwingine.

Nani achukue ipi

Anayefanya kazi kwa fomu ya 1099, yaani aliyejiajiri, akizunguka hospitali tatu na kubadilisha majimbo kila baada ya mwaka, ningemshauri bima ya tukio hata ikizidi kidogo kwa bei. Maisha yake ni ya kuondoka, na kila kuondoka kwa mwenye bima ya dai ni mazungumzo kuhusu mkia. Tena ada anaitoa kama gharama ya biashara kwenye hesabu za kodi, jambo ambalo mwajiriwa wa W-2 hajaweza kulifanya kwenye kodi ya serikali kuu tangu 2018. Akienda kama lokamu, yaani wa kuziba nafasi kwa muda, kupitia kampuni, aombe cheti cha bima cha kampuni hiyo na aulize neno moja tu: ni tukio au ni dai? Wakijibu dai, mkia uandikwe kwenye mkataba kwamba ni wao.

Aliye na miaka 48, ametulia katika mji mmoja, na ana hakika ya kustaafu papo hapo, bima ya dai yenye mkia wa bure wa kustaafu itamwokoa fedha nyingi, mradi asiiruhusu ikatike hata kwa wiki moja.

Mhitimu mpya ndiye mgumu. Ana deni la shule, ada ya mwaka wa kwanza ya bima ya dai inamwita, na mara nyingi yuko kwenye kikundi ambacho kimekwishamchagulia. Kwake singebishania aina ya bima. Ningebishania sentensi moja. Mwambie mwajiri kwa barua pepe, kwa adabu: "Naomba kifungu cha bima kiongezwe maneno haya: mwajiri atalipia mkia, au bima inayofanana nao, ajira ikikoma kwa sababu yoyote." Wengine hukubali siku hiyohiyo. Wengine hukubali ukikaa miaka miwili au mitatu. Anayekataa kabisa amekupa bei yake halisi, na unaweza kumwomba aipandishe bonasi ya kuingia kazini kwa kiasi hichohicho.

Mimi sasa nina bima ya tukio, mwaka wa sita. Kwa kuwa kila mwaka una hati yake, na hati ya mwaka huu itajibu hata watakapokuwa wamestaafu wakala aliyeniuzia na binti aliyenipokelea simu, situpi hata moja. Kurasa zote za maelezo, pamoja na ule mkia nilioununua ndani ya zile siku 30 nikiwa na vyombo kwenye lori, ziko ndani ya bahasha ya kaki kwenye sanduku la chuma, juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mke wangu ana picha zake kwenye simu.